Anayekohoa Bwenini: Swali la Miaka 100, Kutoka Kibong'oto hadi Kiwangwa

Chukulia hivi. Muhula umefika katikati, majaribio yameanza kurundikana, na chumba chenu cha watu wanne kina watu sita kwa sababu ya kubebana. Mmoja wenu anakohoa. Alianza kama mtu mwenye mafua. Mkasema ni vumbi, mkasema ni feni, mkasema ni hali ya hewa ya Pwani tu. Wiki ya nne anakwenda zahanati ya chuo, anatoa makohozi, na majibu yanarudi: kifua kikuu, yaani TB. Jioni hiyo hiyo swali linaanza kuzunguka chumbani, kwa sauti au kwa kunong'ona: huyu si aondoke?

Wengi wetu tungejibu haraka. Aondoke, arudi kwao, akipona atarudi. Linaonekana jibu la busara, tena la huruma kwa wale wanaobaki. Ila swali hili limeulizwa kwa zaidi ya miaka mia moja, na baadhi ya watu waliolitafutia jibu kwa vipimo, si kwa hofu, walifanyia kazi yao hapa hapa Tanzania. Jibu walilolipata silo ambalo wengi wanalitegemea. Twende nalo polepole.

Mtu aliyemwona mdudu

Tarehe 24 Machi 1882, daktari Mjerumani Robert Koch alisimama mbele ya wenzake mjini Berlin na kutangaza kwamba kifua kikuu hakiletwi na damu ya ukoo, wala huzuni, wala hewa mbaya ya bonde. Kinaletwa na bakteria, na yeye amemwona kwa darubini. Ndiyo maana mpaka leo Siku ya Kifua Kikuu Duniani huadhimishwa kila tarehe 24 Machi.

Kitu ambacho wengi hawakijui ni kwamba Koch huyu aliijua pwani yetu. Mwaka 1897 na 1898 alikuwa Dar es Salaam, wakati huo makao makuu ya koloni la Wajerumani, akichunguza malaria na magonjwa mengine. Alirudi tena Afrika Mashariki mwaka 1905, na ni mwaka huo huo alipopewa tuzo ya Nobel kwa kazi yake ya kifua kikuu. Mwaka 1906 na 1907 alikuwa visiwa vya Sese, katika Ziwa Victoria upande wa Uganda, akitibu ugonjwa wa malale. Pendekezo lake kuhusu malale lilikuwa wazi: wakusanyeni wagonjwa, wawekeni kwenye kambi, watengeni na wazima.

Hebu tukumbuke hilo, kwa sababu linaeleza fikra ya zama zile. Ukishajua kwamba ugonjwa unaletwa na mdudu anayetoka kwa mtu kwenda kwa mtu, hatua inayofuata inajileta yenyewe: mwondoe mtu. Sayansi ilikuwa imemwona mdudu, lakini haikuwa na dawa ya kumuua. Mikononi mwa daktari ilibaki silaha moja tu, umbali.

Hewa ya mlimani

Ulaya na Marekani umbali huo ulijengewa majumba. Hospitali za kifua kikuu ziliwekwa milimani na misituni, Davos kule Uswisi, Saranac Lake kule Marekani, mgonjwa alale barazani kwenye hewa baridi, ale vizuri, apumzike, asubiri. Wengine walipona. Wengine walisubiri mpaka wakafa. Bila dawa, mgonjwa ambaye bakteria wanaonekana kwenye makohozi yake alikuwa na takriban nafasi nusu kwa nusu ya kufariki ndani ya miaka mitano.

Tanganyika nayo ilipata ya kwake. Mwaka 1926, chini ya utawala wa Waingereza, kituo cha wagonjwa wa kifua kikuu kilianzishwa Kibong'oto, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, eneo ambalo leo ni wilaya ya Siha. Hewa ya baridi, mlima, na umbali kutoka mijini: ni kanuni zile zile za Davos.

Sasa jiweke kwenye nafasi ya mgonjwa wa huku kwetu. Naandika haya nikiwa Kiwangwa, kwenye mashamba ya mananasi kati ya Bagamoyo na Msata. Kabla ya barabara ya Bagamoyo–Msata kuwekwa lami, masika ikianza, hata kufika Bagamoyo mjini kulikuwa mtihani. Mtu wa huku akiambiwa miaka ya 1930 kwamba tiba yake iko Kilimanjaro, alikuwa anaambiwa aache shamba, mke au mume, watoto na wazee, apande hadi mlimani kwa miezi isiyo na hesabu, bila uhakika wa kurudi. Utashangaa kwamba watu walikohoa kimya kimya? Mimi sishangai. Nawe kumbuka kukohoa huko kwa kimya, maana ndiko kutakakotuamulia swali letu.

Dawa zinafika, swali linabadilika

Mwaka 1943, kwenye maabara ya Selman Waksman huko New Jersey, Marekani, mwanafunzi wake wa uzamivu aitwaye Albert Schatz alipata streptomaisini kutoka kwenye viumbe wa udongoni. (Ndiyo, mwanafunzi wa uzamivu. Nobel ya mwaka 1952 alipewa Waksman peke yake. Tuendelee.) Mwaka 1952 ikaingia isoniazidi, kidonge cha bei rahisi na chenye nguvu. Kwa mara ya kwanza bakteria wa Koch wangeweza kuuawa ndani ya mwili wa mtu.

Lakini majumba yalikuwa bado yapo, na mazoea pia. Kwa nchi maskini hili lilikuwa jambo la hesabu. India ilikuwa na wagonjwa wengi mno na vitanda vichache mno. Kama ni lazima kila mgonjwa alazwe mwaka mzima, basi wengi watakufa wakisubiri kitanda.

Mwaka 1956, mjini Madras, ambao leo unaitwa Chennai, jopo lililoongozwa na daktari Mwingereza Wallace Fox liliamua kulipima swali letu badala ya kulibishania. Walichukua wagonjwa 193, wengi wao maskini wa mjini, wakawagawa kwa bahati nasibu. Kundi moja likalazwa kwenye hospitali ya kifua kikuu: chakula kizuri, mapumziko, wauguzi. Kundi la pili likatibiwa nyumbani, kwenye vyumba vilivyojaa watu, chakula cha kubahatisha, na wengi wakiendelea na kazi. Dawa zilikuwa zile zile kwa makundi yote mawili, kwa mwaka mmoja.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1959. Wagonjwa wa nyumbani walipona karibu sawa na wa hospitali. Chakula bora, kitanda na hewa safi, vitu ambavyo ulimwengu ulivijengea majumba kwa miaka mia, havikuongeza kitu kikubwa juu ya vidonge.

Lakini kwa swali letu la bwenini, matokeo makubwa zaidi yalikuja baadaye. Watafiti waliwafuatilia kwa miaka mitano watu waliokuwa wakiishi na wagonjwa hao. Je, familia zilizobaki na mgonjwa nyumbani ziliugua zaidi ya zile ambazo mgonjwa wao aliondolewa?

Hapana. Hazikuugua zaidi.

Soma tena sentensi hiyo, kisha jiulize inawezekanaje. Maelezo yake ni haya. Mtu anapogunduliwa ana TB, tayari amekohoa kwa wiki, mara nyingi kwa miezi, akiwa katikati ya watu wake. Waliokuwa wavute bakteria kutoka kwake, wengi wao wameshavuta. Na anapoanza dawa sahihi, uwezo wake wa kuambukiza unashuka haraka sana. Kwa hiyo ukimwondoa siku ya majibu, unafunga mlango baada ya mwizi kuondoka na mali. Hatari kubwa ilikuwa nyuma ya siku ile, si mbele yake.

Simbilisi wa darini

Unaweza kuuliza: tunajuaje kwamba kuambukiza kunashuka haraka? Hewa haionekani, na bakteria wanaoelea nao hawaonekani.

Kipindi kile kile cha Madras, mjini Baltimore, Marekani, Richard Riley na wenzake, wakiendeleza mawazo ya mhandisi William Wells, walitengeneza jaribio la ajabu. Walichukua wodi ndogo ya vitanda sita vya wagonjwa wa TB, wakaifunga vizuri, wakaelekeza hewa yote inayotoka humo kupitia mabomba hadi chumba cha juu. Huko juu walikaa simbilisi zaidi ya mia moja, wale wanyama wadogo kama sungura wasio na masikio marefu, wakivuta hewa ya wodi mchana na usiku. Simbilisi huambukizwa TB kwa urahisi sana. Kila aliyeambukizwa alikuwa ushahidi kwamba bakteria walisafiri kwa hewa peke yake, bila kugusana, bila kikombe cha pamoja, bila shuka.

Mambo matatu yalitoka pale. La kwanza, TB kweli husafiri kwa hewa. Ukitenga sahani na kijiko cha mgonjwa, unamwumiza moyo tu, hujikingi na lolote. La pili, wagonjwa hawalingani: wachache ndio waliosababisha maambukizi mengi, hasa wale ambao dawa walizopewa hazikuwaua bakteria wao. Waliokuwa kwenye dawa zinazofanya kazi waliambukiza simbilisi wachache sana. La tatu, kundi jingine la simbilisi lilipewa hewa ile ile ya wodi baada ya kupitishwa kwenye mwanga wa urujuanimno. Hilo halikuambukizwa.

Kwa lugha ya hosteli: mtu wa kumwogopa ni yule anayekohoa na hajapimwa. Mwenye kadi ya kliniki na vidonge mkononi ndiye tunayemjua na tunayemtibu.

Tanzania, 1977

Hapa ndipo hadithi inaporudi nyumbani. Madras ilionyesha kwamba mgonjwa anaweza kupona akiwa kwake, lakini iliacha tatizo zito: nani atameza vidonge mwaka mzima, au mwaka na nusu, wakati anajisikia mzima tangu mwezi wa pili? Ukiacha katikati, wanaobaki mwilini ni wale bakteria wagumu, na ugonjwa unaorudi unaweza kuwa sugu.

Kuanzia mwaka 1970, madaktari wa Afrika Mashariki wakishirikiana na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza walijaribu kufupisha safari. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 1972, yalionyesha kwamba ukiongeza dawa mpya iitwayo rifampisini, miezi 6 inaweza kufanya kazi ya miezi 18. Hii ndiyo mizizi ya tiba fupi inayotumika karibu duniani kote. Wagonjwa waliokubali kuingia kwenye majaribio hayo walikuwa watu wa huku kwetu. Sioni sababu ya mwanafunzi wa Kitanzania kumaliza shahada ya sayansi bila kulijua hilo.

Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma. Mshauri wake mkuu alikuwa Karel Styblo, daktari aliyezaliwa Chekoslovakia mwaka 1921. Yeye mwenyewe aliwahi kuugua TB, aliyoipata akiwa mfungwa wa Wanazi kwenye kambi ya Mauthausen wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Akishirikiana na Watanzania waliouendesha mpango, akiwemo Dkt. H. J. Chum, walijenga kitu ambacho hakikuwa na maajabu: darubini na fundi maabara kwenye hospitali ya wilaya, mratibu mmoja wa TB kila wilaya, dawa zisizokatika, mhudumu anayemwona mgonjwa akimeza, na daftari.

Usilidharau daftari. Kila mgonjwa aliandikwa jina, na mbele ya jina ikaandikwa mwisho wake: amepona, amefariki, amehama, ameacha dawa. Wilaya haikuweza kusema "tumetibu watu wengi". Ilibidi iseme ni wangapi, na wangapi kati yao wamepona. Mwaka 1993 Benki ya Dunia iliitaja tiba fupi ya TB kuwa miongoni mwa matumizi bora kabisa ya fedha katika afya, na mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likatangaza TB kuwa dharura ya dunia. Mkakati uliosambazwa baadaye kwa jina la DOTS ulijengwa kwa sehemu kubwa juu ya uzoefu wa Tanzania.

Lakini tusijisifu kupita kiasi. Mpango ule wa mwanzo uliwalaza wagonjwa wengi miezi miwili ya kwanza, wapate sindano za streptomaisini na kusimamiwa. Tulikuwa bado na mguu mmoja Kibong'oto. Kilichotulazimisha kuuondoa mguu huo ni VVU. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983. VVU hudhoofisha kinga ambayo kwa watu wengi huwafungia bakteria wa TB wasiamke. Wagonjwa wa TB walioandikishwa nchini, waliokuwa karibu 12,000 kwa mwaka mwanzoni mwa miaka ya 1980, walizidi 60,000 miaka ya 2000. Hakuna wodi za kuwabeba watu hao.

Mwaka 2006 nchi ikabadili utaratibu. Mgonjwa akapewa uchaguzi: ameze dawa kila siku mbele ya mhudumu kituoni, au amezee nyumbani akisimamiwa na mtu anayemwamini, awe mke, kaka, jirani, au mwenzake wa chumbani. Kwa mtu wa Kiwangwa hii ilimaanisha kwamba anaweza kutibiwa TB na bado akavuna mananasi yake. Kutoka mlima wa Kilimanjaro mpaka kwenye kizingiti cha mlango wake: ilichukua miaka 80.

Ngoja, na ule mwaka tuliofungiwa?

Najua unafikiria nini. Mbona mwaka 2020 vyuo vilifungwa? Tarehe 16 Machi 2020 Waziri wa Afya Ummy Mwalimu alitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini. Kesho yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangaza kufungwa kwa shule, na siku iliyofuata vyuo. Ukiwa ulikuwa chuoni unakumbuka: mabegi, mabasi, kila mtu na mkoa wake. Vyuo na kidato cha sita vilifunguliwa tarehe 1 Juni.

Tofauti iko kwenye saa ya ugonjwa. Mafua makali na korona hukimbia. Mtu anaambukizwa leo, na ndani ya siku chache tayari anaambukiza, wakati mwingine kabla hajajisikia vibaya. Wiki chache zikipita ameshapona au amezidiwa. Ugonjwa wa namna hiyo ukiukuta mwanzoni kabisa, kutenga watu kunaweza kuuchelewesha. Mwaka 2009, mgonjwa wa kwanza wa mafua ya H1N1 kuthibitishwa nchini Kenya alikuwa mwanafunzi wa udaktari kutoka Uingereza, aliyekuja na wenzake zaidi ya thelathini. Kundi zima liliwekwa karantini kwenye hoteli waliyokuwa wamefikia, Kisumu. Kwa mafua, hatua hiyo ina mantiki: watu wanajulikana, siku zinahesabika, na mlango bado haujapitwa. Hata hivyo wiki chache baadaye virusi vilikuwa vimeshaenea nchini, maana ndege na mabasi hayakuwa yamesimama.

Kufunga chuo kizima ni jambo jingine tena. Unapunguza msongamano wa bwenini, sawa, lakini unawapandisha maelfu ya vijana kwenye mabasi kwenda kila kona ya nchi, na wengi wanafikia nyumba zenye bibi na babu. Kwa Tanzania ni vigumu kupima kilichotokea, kwani takwimu za taifa zilisimama kwenye wagonjwa 509 mwezi Mei 2020.

TB haikimbii. Hutembea. Mtu anaweza kukaa na bakteria waliolala kwa miaka, na wengi wenye bakteria hao hawaugui maisha yao yote. Ukimrudisha nyumbani mwanafunzi mwenye TB, hujafanya karantini. Umemkata kutoka kliniki inayomjua, umemnyima mtu wa kumsimamia, na umempeleka kwenye chumba kingine chenye watu.

Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "ugonjwa wa kifua unaambukiza, tumtenge", muulize kwanza: ugonjwa gani?

Basi tufanye nini chumbani?

Turudi kwa wale sita. Haya hayachukui nafasi ya daktari wako, ila ndiyo yanayotokana na historia tuliyoipitia.

Siku za mwanzo za dawa, tahadhari ina maana. Kwa kawaida huhesabiwa kama wiki mbili, na zahanati ndiyo itakayosema. Chuo kikiwa na chumba cha peke yake, kitumike. Kama hakina, barakoa na madirisha. Kipimo cha GeneXpert hutoa jibu ndani ya saa chache na pia huonyesha kama bakteria ni sugu kwa rifampisini. TB sugu ina utaratibu wake, na kwa hiyo Kibong'oto bado ina kazi: ndiko matibabu ya TB sugu yalikoanzia nchini mwaka 2009, na leo ni hospitali ya magonjwa ambukizi.

Wengine watano wapimwe. Hili ndilo watu wanalisahau wakiwa wanagombana nani aondoke. Wao ndio walioivuta ile hewa. Mwenye dalili aanze uchunguzi mara moja: kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa za jioni, jasho la usiku, kupungua uzito. Asiye na dalili aulize kuhusu dawa za kinga, hasa kama anaishi na VVU. Vipimo na dawa za TB nchini hutolewa bila malipo.

Fungueni madirisha. Mwaka 2007 Rod Escombe na wenzake walichapisha vipimo vya hewa kutoka hospitali nane za Lima, Peru. Madirisha na milango ikiwa wazi, hewa ya chumba ilibadilika takriban mara 28 kwa saa, zaidi ya maradufu ya vyumba maalumu vyenye mitambo, ambavyo huwekwa kwa mara 12. Majengo ya kizamani, yenye dari za juu na madirisha makubwa, yaliyashinda ya kisasa. Sisi watu wa Pwani tuna kaskazi na kusi, upepo wa bure, halafu tunafunga dirisha kwa kuogopa mbu na wezi wa kuopoa laptopu. Wavu na nondo imara za dirisha ni vifaa vya kudhibiti TB. Waambieni wasimamizi wa hosteli hivyo hivyo.

Tafuta anayekohoa mapema. Pale Morogoro, kwenye kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa makohozi na kutambua yenye TB, kazi iliyoanza mwaka 2007. Panya mmoja hupitia sampuli 100 kwa dakika kama 20. Fundi wa darubini angehitaji siku kadhaa. Panya hatoi jibu la mwisho, lazima maabara ithibitishe, lakini huwaibua wagonjwa ambao darubini iliwapita.

Na hapa ndipo penye kiini cha jambo lote. Panya, mashine na darubini vyote vinahitaji kitu kimoja kwanza: mtu mwenye kikohozi akubali kuleta makohozi. Atakubali kama anajua kwamba jibu baya litamletea vidonge. Akijua litamletea begi mlangoni, kuahirisha mwaka na wenzake kuhama kitanda, atanunua dawa ya kikohozi dukani na kuendelea kukaa kimya. Kila mwanafunzi aliyefukuzwa chumbani kwa TB anawafundisha wengine kumi kuficha kikohozi. Na tumeona tangu Madras kwamba maambukizi hutokea hasa katika kipindi kile cha kuficha.

Chukua kanuni za hosteli za chuo chako uzisome. Angalia kama zinasema kwamba mwanafunzi aliyegunduliwa na TB hatapoteza kitanda, kwamba mitihani aliyoikosa siku za mwanzo za matibabu ataifanya bila kuhesabiwa kafeli, na kwamba jina lake litabaki zahanati. Kama hazisemi, hiyo ni hoja ya kupeleka serikali ya wanafunzi wiki hii. Aliye chumba cha jirani anaweza kuwa anakohoa sasa hivi, akisubiri kuona tutamfanyaje yule wa kwanza.